Tundu la gigabiti 40 halimlishi mwenye kibanda cha gemu

Leo tuzungumze juu ya bodi mama, ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao vipande vingine vyote hukalia. Hasa nataka tutazame bodi mpya za kompyuta za gemu zinazouzwa kwa sifa ya matundu ya kasi ya USB4. Nina sababu. Kuna kotesheni nimeletewa niikague, na naona si hao walioileta peke yao watakaoandikiwa kotesheni ya namna hii.

Ni ya chama cha vijana sita, wengine wa Makina, Kibera, na wengine wa Gatina, Kawangware. Wameweka akiba kwa muda mrefu, na sasa wanataka kufungua chumba cha gemu chenye kompyuta nne. Vibanda vya PlayStation vimejaa mitaa yote miwili, kwa hiyo wanataka kitu tofauti. Duka fulani la mjini limewapangia mashine zenye bodi za X870. Muuzaji amewaambia kwamba bila USB4 mashine zitapitwa na wakati upesi.

Maoni yangu nayaweka hapa juu, ili asiye na muda asome aende zake: wasizinunue. Bodi zenyewe ni nzuri sana. Ila kasi ya tundu ni kama barabara. Ukijenga barabara ya njia nane inayoishia kwenye kichochoro cha Gatwekera, magari yataenda kwa mwendo wa kichochoro.

Tuanze na historia kidogo, kwa sababu majina ya USB yamevurugwa mpaka wauzaji wenyewe wanachanganyikiwa. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000 na kasi yake ni megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0 ilikuja 2008 na gigabiti 5. Baadaye tundu hilo hilo la gigabiti 5 likaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, bila kubadilika chochote. USB4 ilitangazwa 2019 ikiwa na kasi inayofika gigabiti 40. Kwa hiyo ukisoma kasha la bodi, achana na namba ya jina, tafuta gigabiti. Umbo la tundu nalo lisikudanganye. Tundu dogo la mviringo la USB-C linaweza kuwa na kasi ya gigabiti 40 au ya mwaka 2000. Simu ya iPhone 15 ya mwaka 2023 ina USB-C ambayo kwa data ni USB 2.0 tu.

Sasa swali la msingi: kwenye chumba cha gemu, nini kitachomekwa kwenye matundu hayo?

Kipanya, kibodi, padi na hedifoni. Tupige hesabu. Kipanya cha gemu kinachotuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde, kila taarifa ikiwa baiti 8, kinatumia baiti 8,000 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilobiti 64. USB 1.1 ya mwaka 1998 ilikuwa na megabiti 12, na kipanya hicho kingeenea humo kikabakisha nafasi tele. Mchezaji akifungwa kwenye EA FC au akipigwa risasi kwenye Counter-Strike 2, lawama asiipeleke kwa tundu.

Kuna kazi moja tu ya chumba cha gemu ambapo kasi ya tundu inaonekana kwa macho: kuhamisha gemu kutoka mashine moja hadi nyingine. Na hapa mtaani kazi hiyo ni kubwa kuliko watu wa Marekani wanavyofikiria. Chukua gemu la gigabaiti 100. Ukilipakua kwa intaneti ya megabiti 10, laini ikiwa yako peke yako na haikatiki, utangoja zaidi ya saa 22. Ukitaka kulipakua kwenye mashine nne, moja baada ya nyingine, hesabu karibu siku nne mchana na usiku. Kwa hiyo mtu mwenye akili analipakua mara moja, kisha analigawa.

Haya basi, tuligawe gemu hilo kwa diski ya nje. Kwa USB 2.0, ambayo kwa kazi halisi hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, ni dakika 48 hivi. Kwa tundu la gigabiti 5, kama megabaiti 400 kwa sekunde, ni dakika 4 na kidogo. Kwa gigabiti 10 ni chini ya dakika 2. Kwa USB4, ukiwa na diski inayoweza kupokea na kutoa gigabaiti 3 kwa sekunde, ni kama nusu dakika.

Tazama hatua hizo tena. Kutoka USB 2.0 kwenda gigabiti 5 umeokoa zaidi ya dakika 40. Kutoka gigabiti 10 kwenda USB4 umeokoa dakika moja. Na dakika hiyo unaipata tu ukinunua pia diski ya nje ya USB4 na kebo yake. Diski ya SSD ya kawaida ya SATA, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde hata ukiichomeka wapi. Flashi za bei rahisi ndio usiseme, nyingi huandika polepole kuliko USB 2.0 yenyewe. Dakika moja kwa wiki, kwa bei ya bodi nne za daraja la juu! Mimi siioni biashara hapo.

Isitoshe kuna njia nyingine ambayo haihitaji diski ya nje kabisa, nayo ni waya wa mtandao. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana faili za gemu badala ya kila moja kupakua upya kutoka nje. Kwa tundu la mtandao la gigabiti 1, gemu letu la gigabaiti 100 linahama kwa dakika 15 hivi. Kwa gigabiti 2.5, ambayo bodi nyingi za daraja la kati sasa zinayo, ni kama dakika 6, mradi swichi nayo iwe ya kasi hiyo. Unaamuru, unaenda kunywa chai, ukirudi limefika. Kibera wazo la mtandao wa ndani si geni. TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana huko bila kutegemea kila kitu kitoke nje ya mtaa. Chumba cha gemu kinaweza kufikiri hivyo hivyo kwa udogo wake.

Jambo la pili ni la ndani ya bodi. USB4 haiji bure hata kwa upande wa njia za data. Prosesa za kawaida za AMD za soketi ya AM5, kama Ryzen 7000, zina njia 28 za PCIe. Nne zinaenda kwenye chipseti, zinabaki 24. Kumi na sita ni za kadi ya grafiki, nne ni za SSD ya kwanza, na nne za mwisho mtengenezaji wa bodi anazipangia kazi. Kwa X870, iliyoanza kuuzwa Septemba 2024, AMD iliweka sharti kwamba USB4 lazima iwepo. Ndiyo maana kwenye bodi kadhaa za aina hiyo, ukiweka SSD kwenye nafasi ya pili, SSD hiyo na USB4 hugawana njia zile zile. Yaani umelipia tundu ambalo huna cha kuchomeka, nalo linakula nafasi ya diski unayoihitaji. Soma maandishi madogo kwenye kijitabu cha bodi kabla hujatoa pesa.

Kasi ya ndani ndiyo ya kuchunguza zaidi. Kadi ya grafiki kama Radeon RX 6500 XT hutumia njia nne tu. Ikiwekwa kwenye bodi ya PCIe 3.0 badala ya 4.0, kasi ya gemu inashuka na utaiona. Na si bodi peke yake. Bodi ya B550 ina PCIe 4.0, lakini ukiiwekea Ryzen 5 5500 au 5600G unarudi kwenye 3.0, kwa sababu prosesa hizo zinaishia hapo. Ryzen 5 5600 ya kawaida inatoa 4.0. Majina yanakaribiana, na muuzaji anaweza kukupa moja kwa jina la nyingine.

Najua kuna atakayesema, "Kwa hiyo watu wa Kibera na Kawangware wapewe vitu vya chini, vizuri viende Kilimani?" Hapana. Ningemwambia mtu wa Kilimani maneno haya haya. USB4 ina wenyewe: anayekata video za saa nyingi moja kwa moja kutoka diski ya nje, au anayeunganisha skrini na vifaa kibao kwa kebo moja. Hao walipe, watafaidi. Kijana wa Kibera anastahili mashine nzuri, na mashine nzuri kwa biashara ni ile inayorudisha pesa yake kabla haijaharibika.

Na hilo la kupitwa na wakati? Hapo muuzaji ameshika jambo la kweli kwa upande usiofaa. Maisha marefu ya bodi yako kwenye soketi. Bodi za AM4 zilizouzwa mwaka 2017, nyingi zilipata BIOS mpya zikaweza kubeba Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Miaka mitano, prosesa mpya, bodi ile ile, na matundu yake ya USB hayakubadilika. AMD imesema AM5 nayo itaendelea kupata prosesa mpya mpaka 2027 na kuendelea. Ukitaka kesho, nunua soketi ya AM5 kwenye bodi ya kawaida ya B650 au B850 isiyo na USB4. Pesa zikiwa kidogo zaidi, B550 na RAM ya DDR4 bado inachapa kazi.

Zile mashine za ofisi za ex-UK je? Zinavutia kwa bei, na hata Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 tayari ina matundu ya USB 3.0. Shida yake iko kwingine: bodi yake inatumia plagi ya umeme ya pini 8 ya Dell wenyewe, si ile ya pini 24 ya kawaida. Pawa saplai ikiungua, huchukui yoyote ile dukani Luthuli ukaifunga.

Mimi ningekagua bodi kwa mpangilio huu. Kwanza, nafasi ya kadi ya grafiki iwe PCIe 4.0. Pili, kuwe na angalau matundu manne ya nyuma ya gigabiti 5 au 10, na plagi ya matundu ya mbele, maana ya mbele ndiyo wateja huyavunja. Tatu, mtandao wa gigabiti 2.5. Nne, vyuma vya kupooza joto juu ya sehemu ya umeme ya prosesa, kwa sababu chumba cha mabati saa nane mchana si ofisi yenye kiyoyozi. Tano, mashine zote nne ziwe na bodi aina moja, ili fundi aweze kupima kipande kwa kukihamisha. Sita, garantii iwe ya mtu aliye Nairobi, mwenye duka unaloweza kuingia kwa miguu.

Pesa zitakazobaki ziende kwenye stima. Mwaka 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani mara tatu, Agosti, Novemba na Desemba, na hapo sijahesabu kukatika kwa kila siku kwa mtaa mmoja mmoja. Stima ikirudi kwa kishindo, haiulizi kama bodi yako ina gigabiti 5 au 40. UPS na pawa saplai ya kuaminika kwa kila mashine zitaokoa bodi nyingi kuliko tundu lolote litakavyookoa dakika.

Kwa hiyo ukionyeshwa kifaa chenye tundu la kasi, muulize muuzaji swali moja: upande wa pili wa kebo kuna nini? Akikosa la kutaja zaidi ya neno "baadaye", funga pochi. Mwenye maoni tofauti aje na hesabu zake, tuzipige pamoja.