Kiti cha wachache bungeni kisibaki pambo

Juni 12, 2025, Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, alisimama bungeni Nairobi kusoma bajeti ya Sh4.29 trilioni za Kenya. Siku hiyohiyo Tanzania na Uganda nazo zilikuwa zikisoma bajeti zao. Kwa wafanyabiashara wa Namanga, Busia, Malaba na Sirari, hiyo ndiyo siku ya kujua mwaka mpya wa fedha utawaachia nini mfukoni. Ya Kenya ilikuwa na jambo la ziada. Aliyekuwa akiisoma ni mtu ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzikosoa bajeti za namna hiyo.

Mbadi ni mhasibu. Aliingia bungeni mwaka 2007 kwa jimbo la Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na baadaye akawakilisha Suba Kusini. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha ODM kwa muda mrefu, na katika Bunge la 2017 hadi 2022 alikuwa Kiongozi wa Wachache. Uchaguzi wa 2022 ulipokaribia, alimpisha Gladys Wanga katika mbio za ugavana wa Homa Bay, akarudi bungeni kama mbunge wa kuteuliwa na kupewa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, inayochambua ripoti za Mkaguzi Mkuu. Agosti 2024 akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha.

Uteuzi huo haukuja katika hali ya kawaida. Juni 25, 2024 Bunge la Kenya lilipitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakavamia majengo ya Bunge, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Wiki chache baadaye alivunja baraza lake la mawaziri na kuita watu wa ODM serikalini. Pamoja na Mbadi waliingia Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Wachache wakati ule.

Kwa hiyo, kwa siku moja, serikali ilichukua kiongozi wa wachache aliyekuwapo na mtangulizi wake. Wapo waliouita usaliti, na wapo waliouita uzalendo. Kwa mtu anayeishi kwa kuvusha mizigo mpakani, mabishano hayo hayana faida kubwa. Swali lake ni moja: nani amebaki kusoma muswada wa kodi kwa jicho la asiyeutaka?

Kiti hicho si cha hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 108, inamtaja Kiongozi wa Wachache kwa cheo na kumpa nafasi yake katika itifaki ya Bunge. Sababu yake inaeleweka. Upande wenye wengi tayari una kura za kupitisha jambo. Upande wa wachache una kazi ya kulisoma jambo hilo kabla halijapita, kuuliza litamgharimu nani, na kuacha jibu kwenye kumbukumbu za Bunge. Mara nyingi hushindwa kura. Hata hivyo, swali lililoulizwa mapema huweza kumwokoa mwenye lori.

Mafuta ni mfano wa karibu. Mwaka 2018, miezi michache baada ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono, Bunge lilipitisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 8 kwenye mafuta. Wabunge wa kawaida walipiga kelele ukumbini, lakini wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuelewana. Mwaka 2023 kodi hiyo ilipandishwa hadi asilimia 16. Safari hii wachache walisimama upande wao na kupinga. Walishindwa, ila walau kila mwenye gari la mizigo alijua nani alisema nini na nani alipiga kura wapi. Mwaka 2018 hilo halikuwa wazi, kwa kuwa mlinzi na mwenye nyumba walikuwa wamekaa meza moja.

Hatari hiyo imerudi. Baada ya Wandayi kuondoka, kiti kilikwenda kwa Junet Mohamed, naye ni wa ODM. Chama kimoja sasa kina Waziri wa Fedha na kina pia kiongozi anayepaswa kumhoji waziri huyo. Hata kama wote wawili ni watu waaminifu, mpangilio wenyewe una kasoro. Chama kilichochagua kuingia serikalini kilipaswa kuwaachia kiti hicho wale waliobaki nje.

Jambo hili haliishii kwa Wakenya. Waziri wa Fedha wa kila nchi mwanachama hukaa na wenzake kabla ya bajeti kupanga Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha kawaida ni asilimia 35, lakini kila nchi inaweza kuomba kutumia kiwango chake kwa mwaka mmoja. Mchele, ambao kwenye orodha ya bidhaa nyeti hutozwa asilimia 75, Kenya imekuwa ikiuombea asilimia 35. Mkulima wa Mbeya anayetegemea soko la Nairobi anajua maana ya tofauti hiyo. Mwamba ngozi huvutia kwake, na mawaziri wote huvutia kwao. Anayepaswa kuuliza ngozi imevutwa kwa faida ya nani ni mbunge asiye na ndugu wa chama katika baraza la mawaziri.

Majirani nao wana ya kujifunza. Uganda imeweka Kiongozi wa Upinzani Bungeni kwa sheria. Joel Ssenyonyi alifika hapo baada ya kuongoza kamati inayokagua mashirika ya umma. Tanzania, baada ya uchaguzi wa 2020, upinzani ulipata viti vichache mno hata kukosa kambi rasmi bungeni. Nchi tatu zinashirikiana mipaka ileile, lakini uzito wa anayeuliza maswali hautoshani.

Mbadi atapimwa kwa kazi yake, na uzoefu wa kukagua hesabu unaweza kumsaidia kuliko waziri asiyewahi kukaa upande ule. Bunge nalo lilionyesha mwaka 2025 kwamba linaweza kukataa, pale kamati yake ilipotupa pendekezo la kuipa mamlaka ya mapato njia ya kufikia taarifa binafsi za walipa kodi. Sauti za wananchi zilisaidia.

Hapo ndipo vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinapoingia. Makadirio ya matumizi hufika bungeni Kenya kabla ya Aprili kwisha, na Muswada wa Fedha hupigiwa kura kabla ya Juni kumalizika. Kati ya hapo kamati husikiliza maoni ya umma. Chama kinachosubiri bei mpya ibandikwe ukutani mwa ofisi ya forodha mwezi Julai kimechelewa. Kipeleke hesabu zake Mei, kwa maandishi, na nakala imfikie Kiongozi wa Wachache. Akizisoma ukumbini, kiti chake kitakuwa na kazi. Akinyamaza, wapiga kura wake watakuwa na la kumuuliza.