Hakuwa amelewa

Dominika moja, katikati ya wimbo wa Utukufu, mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu alishika benchi kwa mikono miwili, akayumba, kisha akatoka kanisani akipapasa ukuta. Mlangoni alitapika. Sisi tuliokuwa karibu tulitazamana, na kabla ya Misa kumalizika hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: usiku wa Jumamosi alikunywa lutuku. Kamati ya kwaya ikamsimamisha mwezi mmoja. Hakuna aliyemwuliza neno. Naye hakujitetea, kwa maana tangu alfajiri sikio lake la kuume lilikuwa limeziba, ndani yake mkivuma kitu kama jenereta, na kila alipogeuza kichwa nyumba yote ilizunguka. Alidhani yatapita yenyewe.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, kuhani Eli alimwona Hana akisali, midomo ikitikisika bila sauti, akamdhania mlevi. Lakini Eli alimwendea na kusema naye, ndiyo maana Hana alipata nafasi ya kujibu, na lile karipio likageuka kuwa baraka. Sisi hatukufika hata hapo.

Vijana wapenzi, yafaa tujue kilichompata, kwani kinaweza kumpata yeyote kati yetu. Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa kichwa, vimo viungo viwili vilivyo jirani. Kimoja kimejiviringa kama konokono, nacho hupokea sauti. Kingine kina vijia vitatu vilivyopinda, nacho huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Upande mmoja ukinyamaza ghafla, ubongo hubaki na habari za upande wa pili peke yake, ukasadiki kwamba mwili unazunguka hali umesimama. Miguu ya mtu huyo ni mizima, na akili yake ni timamu. Wataalamu wenyewe walichelewa kulitambua hilo: ni mwaka 1861 ndipo Prosper Ménière, daktari wa chuo cha viziwi mjini Paris, alipoeleza kwamba kizunguzungu cha namna hii chaweza kutoka sikioni, wakati wengi walikihesabu kuwa ugonjwa wa ubongo.

Ukiziwi wa ghafla kwa kawaida hushika sikio moja, katika muda usiozidi siku tatu. Wengi huamka nao asubuhi. Mara nyingi chanzo hakijulikani hata baada ya vipimo. Lakini kutojua chanzo hakuwazuii waganga kutibu. Hutumia dawa za jamii ya kortizoni, za kumeza au za kuchomwa ndani ya sikio, na dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa katika siku za kwanza. Baada ya majuma mawili tumaini hupungua sana. Zisinunuliwe kiholela sokoni, maana hupandisha sukari na shinikizo la damu, tena zaweza kuamsha maradhi yaliyolala.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwenzetu alimwagiwa mafuta ya moto-moto sikioni, kisha akapelekwa katika chumba cha maombi, ambako aliambiwa kwamba shangazi yake mjane ndiye aliyemfunga sikio. Siku kumi na saba zikapita. Alipofikishwa kwa daktari wa masikio, yule tunayemwita ORL, sikio lilipatikana safi, bila nta wala usaha, na siku zilizo bora za dawa zilikuwa zimekwisha kupita. Shangazi naye, ambaye hakumdhuru mtu, hadi leo hupitwa njiani bila salamu.

Hatusemi kwamba tusisali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwagiza mgonjwa asali, kisha ampishe mganga, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Na katika sura ya 7 ya Marko, Bwana wetu alimtenga yule kiziwi na umati, akayagusa masikio yake. Hakuuliza ni nani aliyemroga. Maombi yanayomchelewesha mgonjwa na kumtafutia mjane wa kushtaki, sisi twayaona kuwa dhambi, hata yakifanyika kwa machozi.

Kwa hiyo sikio likiziba ghafla, fumba mdomo uvume kama tunavyofanya tukitafuta sauti kabla ya wimbo. Mvumo ukielekea upande ulioziba, huenda ni nta au mafua. Ukikimbilia upande mzima, shuku mshipa wa kusikia, uende hospitalini siku hiyohiyo. Jaribio hili halichukui nafasi ya mganga. Hata kama hukupata jibu, nenda. Aliye Manono au Kasenga ana safari ndefu, twalijua hilo, basi aanze na kituo cha afya kilicho karibu na aseme wazi: limeziba ghafla, tangu siku fulani. Ikiwa pamoja na kizunguzungu ulimi unakuwa mzito, mtu anaona vitu viwili-viwili au mkono umelegea, hata saa moja isipotee. Na anayetumia kinini kwa malaria, akisikia mvumo masikioni, amwambie mganga wake. Dawa hiyo yajulikana kwa jambo hilo.

Kizunguzungu cha mwenzetu kilipungua baada ya siku kadhaa. Yaliyobaki aliyashinda kwa kutembea. Daktari alimkataza kulala kutwa, na vidonge vya kuzuia kutapika akampa vya siku chache tu, kwa sababu ubongo hujifunza upya kusimama pale mwili unapojongea. Mdogo wake alimshika mkono wakizunguka ua, asubuhi na jioni, kwanza akitazama chini, baadaye akigeuza kichwa huku na huku. Gizani aliyumba kwa muda mrefu zaidi. Kusikia kulirudi nusu-nusu: sauti nzito anazipata, nyembamba hapana, na pikipiki ikipiga honi hajui inatoka wapi. Wengine hupona kabisa, wengine hawapati kitu. Walioanza na kizunguzungu kikali huwa na bahati ndogo zaidi.

Kamati imemwomba radhi mbele ya kwaya yote. Kwa shangazi bado hatujakwenda, na jambo hilo tumeliweka kwenye ajenda ya Jumamosi ijayo. Vipaza sauti tumevipunguza, ingawa wapiga gitaa wananung'unika. Yeye sasa husimama mwisho wa mstari, upande wa kuume, ili sauti zetu zote zimfikie kwa sikio la kushoto, na anayemhitaji humgusa bega kwanza.