Mwenye D ya Hesabu Aanzie Karakana

Kwenye mtihani wa kidato cha nne, alama 44 ni D na alama 45 ni C. Tofauti ni alama moja, pengine kipimo kilichosahauliwa mwishoni mwa jibu la fizikia. Lakini ndiyo inayoamua nani ataisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) na nani ataisikia kwa wenzake, kwa sababu tahasusi za kidato cha tano kwa kawaida zinataka C. Siku ya matokeo nyumba nyingi huingia msiba kwa ajili ya alama hiyo. Mtoto aliyekuwa akifungua redio na kuunga nyaya za taa tangu yupo shule ya msingi anaambiwa habari ya uhandisi imekwisha. Wazazi wengine wanamrudisha kwenye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, wengine wanamsukuma kwenye tahasusi yoyote ilimradi avae sare ya kidato cha tano. Naona makundi yote mawili yanagonga mlango usio wao. Mtoto wa namna hii aende moja kwa moja chuo cha ufundi akasome stashahada, na chuo chenyewe kichaguliwe kwa karakana yake, jina lije baadaye.

Kinachowatisha wazazi ni muda, basi tuuhesabu. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, shahada ya uhandisi minne; jumla sita. Stashahada ni miaka mitatu, ukiongeza shahada ya miaka minne unapata saba. Kelele yote ile ni ya mwaka mmoja. Na mwaka huo una malipo yake: mwishoni mwa mwaka wa tatu mwanafunzi wa chuo cha ufundi tayari ni fundi sanifu, anaweza kuomba kazi kwenye mradi wa barabara au kiwanda cha saruji, akajisomesha mwenyewe baadaye. Mwenzake wa kidato cha sita akikwama, mkononi ana cheti cha masomo matatu ambacho hakuna kampuni ya umeme inayokiulizia. Upande wa ada nao umelegea kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, za nishati na madini zikiwemo. Haitoshi kwa wote, ila si kama zamani ambapo mikopo ilikuwa karibu yote ya shahada.

Atatokea wa kuniambia kwamba hata kupitia kidato cha sita mwenye alama za wastani anapenya. Ni kweli. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa kozi nyingi ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, na D moja ya kidato cha sita ni pointi mbili; kwa hiyo D mbili, ya fizikia na ya hesabu ya juu, kwenye karatasi zinatosha. Lakini kuingia ni jambo moja na kubaki ni jingine. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza wa uhandisi hafundishi kalkulasi kuanzia mwanzo, anadhani umekuja nayo, na wiki ya tatu ameshaondoka na wenye A. Anayeingia kwa kupenya huanza kuhesabu mitihani ya marudio, sapu, badala ya kuhesabu mizigo ya boriti, na mwisho wa mwaka ndipo linapokuja lile neno ambalo kila mwanafunzi wa chuo analijua: kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Stashahada inaikata hesabu hiyohiyo vipande vipande, ngazi ya ufundi ya nne, ya tano, ya sita, na kila kipande kinakwenda na kazi ya mikono. Kanuni ya Ohm inaandikwa ubaoni Jumatatu, mita inashikwa Jumatano. Yapo mambo ya trigonometria ambayo kijana hayaelewi mpaka siku anapotakiwa kupata pembe ya kenchi ya paa, mbao zikiwa mbele yake na msumeno unasubiri. Hapo niweke tahadhari: si kila mwenye D ya hesabu ana mikono. Aliyeshindwa hesabu na karakana nayo haipendi, uhandisi si wake kwa njia yoyote, na ni huruma kumwambia mapema.

Pingamizi kubwa zaidi halisemwi wazi, nalo ni dharau. Neno fundi limeshushwa hadhi mpaka mzazi anaona aibu kumwambia jirani kwamba mwanawe yuko "ufundi". Aibu hiyo haina msingi wa kihistoria. Kabla Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakijafungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973, chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1957 na ambacho leo ni DIT, kilikuwa tayari kinatoa mafundi, na cheti chake cha fundi sanifu, FTC, kilikuwa kinaheshimika maofisini kuliko shahada nyingi za leo. Sheria inawatambua mafundi sanifu, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inawasajili. Kinachotakiwa kuogopwa kwenye njia hii ni kitu kingine kabisa: GPA. Mwenye stashahada anayetaka shahada anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0 katika kipimo cha 5.0. Kijana anayedhani ameponea chuo cha ufundi ili alale, akamaliza na 2.7, amejifungia mlango kwa mkono wake.

Jambo la pili la kuchunga ni usajili wa kozi yenyewe. Kwa sheria yetu, shahada peke yake haikufanyi mhandisi. Usajili wa ERB ndio unaokupa jina hilo. Wakenya walilipa ada ya somo hili. Wahitimu wa uhandisi zaidi ya mia moja walinyimwa usajili kwa maelezo kwamba kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa na bodi ya wahandisi, na kesi yao ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Walikuwa wamesoma, wamefaulu, wamevaa majoho. Mwenye alama ndogo ndiye anayewindwa zaidi na kozi za aina hiyo, kwa kuwa ana haraka ya kukubaliwa mahali popote. Kwetu, mwongozo wa udahili wa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, hutolewa kila mwaka na unaonyesha chuo, kozi na sifa zinazotakiwa, kwa kawaida D nne zikiwemo za hesabu na sayansi. Kozi isiyokuwamo humo isijadiliwe hata mezani.

Sasa chuo gani? DIT, Chuo cha Ufundi Arusha na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, MUST, ndivyo vinavyotajwa kwanza, na vina haki ya kutajwa, ila ushindani wake ni mkali na D tupu nne zinaweza zisifue dafu. Ndiyo maana inafaa kutazama matawi na vyuo vya fani moja. Chuo cha Maji kipo Ubungo, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, DIT ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. Huko watu hawapangi foleni kama kwenye uhandisi ujenzi, na kazi zipo. Chuo chochote utakachofikiria, kitembelee siku ya masomo, siku ya mahafali haisemi kitu. Omba kuona karakana. Tazama chini ya mashine ya kukereza: kama kuna chenga mpya za chuma na sakafu inanuka mafuta, wanafunzi wanafanya kazi. Kama mashine imefunikwa turubai lenye vumbi na mwalimu anaielezea kwa picha ubaoni, umeona ulichokuja kuona. Uliza wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja ya kuchomelea, uliza fildi wanakwenda wapi na nani anawatafutia nafasi, halafu muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, usimuulize ofisa udahili. Na chuo kikikataa kukuonyesha karakana, kunja fomu yako uitie mfukoni, upande basi urudi nyumbani.