Siku Tisa, Nchi Tatu



Juma hili nataka tuseme habari za hija ya Ulaya. Siku hizi hata watu wa vijijini, wakiuza kahawa au ng'ombe na kuchangiana ndugu kwa ndugu, hufika Roma. Jambo hilo ni jema. Linalonisumbua ni ratiba zao.

Baba mmoja aliniletea ofisini karatasi ya wakala wa safari, maana alihitaji barua ya parokia. Yeye na nduguze wanataka kumpeleka mama yao, mwenye miaka 72. Karatasi yasema siku tisa: Roma, Asizi, Padua, Lourdes na Fatima. Yaani Italia, Ufaransa na Ureno. Naye alifurahi kweli. "Bwana karani," akasema, "kwa fedha ile ile tunapata mahali patano!"

Tukashika kalamu tukahesabu. Watokao Dar es Salaam kwenda Roma wengi hubadili ndege njiani, Addis Ababa au Doha au Istanbul, nao husafiri usiku kucha. Basi siku ya kufika ni ya uchovu. Kurudi hula siku mbili. Kutoka Italia hadi Lourdes, mji mdogo ulio chini ya milima ya Pirenei, siku nyingine imekwisha: kufunga mizigo, kungoja uwanjani, kuruka, kungoja masanduku, kupanda basi. Kwenda Fatima vivyo hivyo, kwa kuwa ndege hutua Lisbon, kisha kuna zaidi ya kilomita 100 za barabara. Tisa ukitoa tano, zimebaki nne, kwa mahali patano. Lourdes walipangiwa kufika jioni na kuondoka asubuhi. Je, mtu auze ng'ombe wake ili mama yake alione pango la Massabielle kwa nusu saa, tena gizani?

Nikamwuliza: "Na mama mwenyewe ataka kuona nini?" Akanyamaza. Hakuna aliyemwuliza.

Alirudi Dominika iliyofuata na jibu. Mama ni wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko tangu ujana wake. Ataka kufika Asizi, na kumwona Baba Mtakatifu kwa macho yake. Basi. Hayo mengine yalikuwa matakwa ya watoto. Wakala alinung'unika kwamba watu watajuta kufika Ulaya wasione Fatima. Labda. Lakini Fatima ipo tangu mwaka 1917, wala haiondoki.

Tukapanga upya, tukianzia na Jumatano, kwa kuwa Jumatano ndiyo siku Baba Mtakatifu hufundisha mbele ya watu wote. (Mwezi wa Julai mara nyingi mkutano huo husimama, basi angalieni kabla ya kununua tikiti za ndege.) Kuingia ni bure, mtu akikuuzia karatasi ya kuingilia, anakudanganya. Wafike Jumatatu, na Jumatatu hiyo wasifanye lolote ila Misa, chakula na usingizi. Jumanne waende Kanisa la Mtakatifu Petro, wasali kaburini. Ndimo Papa Paulo VI alimowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964. Kupanda kubani kuna ngazi 551; vijana na wapande, mama akae chini na rozari yake. Jumatano, Baba Mtakatifu, na alasiri yake iachwe tupu. Alhamisi, Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, kisha kanisa moja ambalo mawakala hawalitaji: San Francesco a Ripa. Mapokeo yasema Fransisko alilala hapo alipokuja Roma. Tena ndilo kanisa alilopewa Kardinali Laurean Rugambwa wetu alipofanywa kardinali mwaka 1960.

Ijumaa wapande treni kwenda Asizi, saa mbili na kidogo. Kituo kiko bondeni, karibu na kanisa kubwa la Santa Maria degli Angeli, ambamo ndani yake mna kikanisa kidogo, Porziuncola. Ni mahali hapo Fransisko alipofariki mwaka 1226. Mji wenyewe uko juu kilimani, njia zake ni za kupanda na kushuka, basi mwendo uwe wa mama. Walale siku mbili. Kuna kaburi la Fransisko, kuna Mtakatifu Klara, na wajukuu watauliza habari za Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, naye amelazwa huko. Dominika baada ya Misa warudi Roma, Jumatatu ndege.

Wengine watachagua Lourdes, nao hawakosei. Lakini walale huko siku mbili au tatu, maana maandamano ya mishumaa hufanywa usiku, na katika miezi ya hija ndiyo moyo wa mahali pale. Bernadette mwenyewe alitokewa mara 18, tangu Februari hata Julai 1858. Hakwenda mara moja akapiga picha.

Neno la viza. Viza moja ya Schengen yafaa kwa nchi zote tatu nilizotaja, nayo huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Ombi lisipelekwe kabla ya miezi sita, wala lisichelewe hata zibaki siku chini ya 15. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ratiba na nyumba za kulala huonyeshwa pamoja na ombi, kwa hiyo mkate shauri nyumbani kwanza, mama akiwapo.

Na viatu vipya vianze kuvaliwa miezi miwili kabla, kwenda navyo Misani na shambani, mpaka vilegee.