Zabibu Chungu za Verona

Juzi rafiki yangu Mtaliana akaaye Malindi alifungua chupa ya Amarone, akanisihi nionje japo tone. Nikamwambia, "Bwana, sifa zake nitazisikiliza, lakini kinywa changu kina mwenyewe." Hakuudhika. Akanywa yeye, akafumba macho, akanihadithia utamu wa matunda makavu, kisha uchungu, kisha joto la kifuani.

Nilikataa kinywaji, sikukataa elimu. Mvinyo huo hutoka bonde la Valpolicella, karibu na mji wa Verona. Zabibu huchumwa kwa mkono, zikaanikwa vichanjani miezi mitatu au minne, kama tuanikavyo samaki, hadi zikapoteza thuluthi ya uzito na zaidi. Sukari hukolea, nayo hamira huigeuza kileo kisichopungua asilimia 14. Jina Amarone latokana na neno la Kitaliana lenye maana ya uchungu. Marehemu Giuseppe Quintarelli, fundi wa Negrar aliyefariki mwaka 2012, aliuweka wake mapipani miaka mingi kabla ya kuuza.

Sasa lipo jambo jipya. Desemba 2024 serikali ya Italia iliruhusu viwanda vyake kutengeneza mvinyo ulioondolewa kileo. Lakini mvinyo wenye jina lililolindwa na sheria, Amarone ikiwamo, haukuingizwa katika ruhusa hiyo.

Nimesikia vijana wetu wakisema, "Basi imekuwa halali!" Polepole, wanangu. Sheria ya Ulaya hukubali kinywaji kiitwe hivyo hata kikibaki na kileo cha nusu asilimia. Hukumu yake waulizwe masheikh, si karatasi iliyobandikwa chupani.

Langu mimi ni jingine. Watu wale wameipokea biashara mpya, ila jina la ufundi wao wamelifungia mlango. Sisi je? Kofia ya viua hushonwa kwa mkono miezi kadhaa, tundu kwa tundu. Leo ya mashine kutoka ng'ambo yauzwa kando yake kwa jina lilo hilo, na mnunuzi asiyejua huchukua ya rahisi. Mshonaji akikata tamaa, mwanawe hatashika sindano.

Wazee walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kweli, lakini kibaya kikivaa jina la chema, nani atavitambua? Kinywaji chao tuwaachie wenyewe. Wivu wao juu ya jina, huo tuuige.