NYAMA NGUMU SI KOSA LA NG'OMBE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu wa Kerege, Mapinga, Zinga na popote mnaponisoma. Kila baada ya Idi ya kuchinja malalamiko ni yale yale: nyama ngumu, mkaa umeisha, papai bichi limepakwa na bado meno yanauma. Lawama anatupiwa ng'ombe. "Wa kienyeji huyo! Mzee huyo!"

Umri na aina vina sehemu yake, sikatai. Lakini nakuuliza wewe uliyeshika kamba: ulimfanya nini kabla ya kusema Bismillah?

Sikiliza kwa makini. Allah ameweka katika misuli ya ng'ombe akiba ya sukari, wataalamu wanaiita glaikojeni. Akichinjwa akiwa mtulivu, akiba ile hugeuka asidi, na kipimo cha pH kinashuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5 ndani ya siku moja. Nyama hiyo ina rangi nyekundu nzuri, ni laini, na haiharibiki upesi.

Sasa mtishe. Mpige fimbo, msokote mkia, mfukuze uwanja mzima huku watoto wanapiga kelele. Moyo unamwenda mbio, homoni za hofu zinamjaa, akiba inaungua akiwa bado hai. Akichinjwa, asidi haitoshi. Kipimo kikibakia juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi, inanata, inaoza haraka. Kikiishia katikati, mara nyingi ndipo inapokuwa ngumu kuliko zote.

Na ng'ombe wana tabia, kama watu. Yupo mtulivu, yupo mwoga anayeruka akiona kivuli. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, akiwemo Temple Grandin, walichapisha matokeo yao kuhusu ng'ombe wenye damu ya zebu, jamii ya hawa wetu. Wale wenye papara nyama yao ilikuwa ngumu zaidi, na nyeusi ilionekana kwao mara nyingi zaidi.

Fikiria basi ng'ombe aliyetoka Singida au Shinyanga, amesimama kwenye lori mpaka mnada wa Pugu, kiu na njaa juu yake. Unamnunua, unamleta Kerege usiku, alfajiri unamwangusha kwa vurugu. Akiba hiyo hairudi kwa usiku mmoja. Inataka siku kadhaa za majani, maji na utulivu.

Atatokea wa kusema: "Sheikh, tumetaja jina la Allah, inatosha." Sisemi nyama hiyo ni haramu. Akitimiziwa masharti ya kuchinja ni halali. Lakini ihsani iko wapi? Katika hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyomo Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba Allah ameandika ihsani katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sisi Waislamu tuna amri hii kwa karne 14, na bado tunangoja bwana mifugo atukumbushe!

Na yule mjane unayempelekea fungu lake? Wewe una gesi, yeye ana mkaa wa kupima kwenye kopo. Ukatili wako anaulipa yeye.

Basi fanya haya:

1. Mnadani chagua ng'ombe mtulivu, usitazame ukubwa tu.
2. Mnunue mapema, mfunge kivulini, mpe majani na maji.
3. Mwoga mwendee polepole, bila fimbo wala makelele.
4. Kisu kinoe mbali na macho yake, wala usimchinje mbele ya wenzake.
5. Watoto wafundishwe huruma, wasigeuze machinjio kuwa mchezo.

Ewe Allah, tujaalie huruma kwa viumbe Vyako, na uzikubali udhhiya zetu. Amin.

Mtumie ujumbe huu yule anayeshika kamba mtaani kwenu.

Wabillahi tawfiq.