Mbuzi wa Krismasi huko Rombo

Kila ufikapo mwezi wa Disemba, hapa kwetu mwambao huzuka mjadala ule ule, nao hauna dalili ya kuchakaa. Barazani, baada ya sala, hata ndani ya matatu, watu huulizana: je, yafaa Mwislamu ampe mkono wa heri jirani yake Mkristo siku ya Krismasi? Sahani ya pilau ikiletwa mlangoni aipokee, au airudishe? Wako wanaotoa hukumu kwa sauti kubwa, na wako wanaonyamaza kimya kisha wakaila pilau hiyo usiku, taa zikiisha kuzimwa. Mimi si mwanazuoni, na mambo ya sheria nawaachia wenyewe. Lakini juu ya ujirani ninayo maneno ya kusema, maana nimeishi miaka minne, tangu 2020 hata 2023, mahali ambapo sisi watu wa pwani ndio wageni.

Mahali penyewe ni Rombo. Naomba msomaji asichanganye, kwani Rombo ni mbili, na mpaka umepita katikati. Iliyo mashuhuri ni ile ya Tanzania, katika mkoa wa Kilimanjaro, ambako kila mwisho wa mwaka Wachaga hurejea makwao kutoka Dar es Salaam na Arusha na hata ng'ambo, magari yakafuatana kama siafu kupanda migombani, na mbege ikanywewa mpaka mwaka mpya. Rombo yangu mimi ni ya upande wa Kenya, katika Kajiado ya kusini, kwenye njia itokayo Loitokitok na Illasit kwenda Taveta. Mlima ni ule ule mmoja, lakini nchi ni ya Wamasai: migunga, vumbi, ng'ombe, na penye chemchemi mashamba ya vitunguu na nyanya. Mimi nilipelekwa huko kusomesha. Waislamu tulikuwa wachache, walimu wawili watatu na wenye maduka.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mjerumani, fundi wa visima, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi, na watoto wao watatu. Waliletwa na kanisa lao la huko Ulaya, wakakaa miaka zaidi ya kumi. Kiswahili chao walijifunzia Tanzania, na mama yule alikuwa akinisahihisha mimi, mtu wa Mombasa, niliposema neno kwa lafudhi ya kwetu! Nilimsamehe.

Sasa, sisi wa pwani tukitajiwa Mzungu na Krismasi, fikira zetu hukimbilia wapi? Hukimbilia Diani na Malindi na Watamu. Twaona mvinje uliopambwa mbele ya hoteli, kijana wetu amevishwa kofia nyekundu ya manyoya katika joto la Disemba, muziki mpaka alfajiri, na chupa zikizoleka ufukweni asubuhi. Huyo ndiye Mzungu wetu, mgeni wa siku kumi na nne. Amekuja kupumzika, hana haja ya kumjua mtu, na sisi hatuna haja naye ila ya kumuuzia kitu. Kisha tukakaa barazani tukasema, hii ndiyo dini yao. Kumpima mtu kwa likizo yake si uadilifu. Nani katika sisi angependa Uislamu wa Mombasa upimwe kwa yale yatendekayo usiku wa Idi kwenye bustani na fukwe zetu?

Mwezi wa Disemba wa jirani zangu wale ulianza polepole. Walikuwa na mishumaa minne, wakiwasha mmoja zaidi kila Jumapili mpaka yote ikawaka. Mti wao ulikuwa tawi la mgunga, miiba mtindo mmoja, na kila mwaka mmoja wa watoto alichomwa akalia. Zawadi walipeana jioni ya tarehe 24, ndivyo desturi ya kwao, na zilikuwa vitu vidogo: kitabu, soksi, tochi. Asubuhi yake ni kanisani. Kanisa lenyewe lilikuwa mkabala na nyumba yangu, na kuta za mabati hazizuii sauti, kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba ibada ilianza saa tatu na ikaisha saa nane mchana. Wamama wa Kimasai waliimba kwa lugha yao, ushanga ukigongana shingoni kwa kila ruko. Katika lugha hiyo Mungu huitwa Enkai, na neno hilo hilo ndilo mvua na ndilo mbingu. Mjerumani yule hakupewa kiti cha mbele, wala hakukitaka. Alikaa kwenye benchi la wanaume pamoja na wazee waliofunga shuka zao, na watoto wake walikaa chini pamoja na watoto.

Baada ya ibada ndipo huja jambo la mbuzi, na hapa naomba nikawie kidogo.

Wamasai kwa desturi yao ya kale humziba mnyama pumzi hata akafa, ili damu isimwagike, kwa kuwa damu kwao ni chakula. Nyama hiyo kwetu haifai, hilo kila mmoja wetu alijua. Katika Krismasi ya kwanza kabla sijafika, nasikia Waislamu wa pale walialikwa wakaja wakanywa chai kavu, wakaondoka. Wazee wa kanisa waliona aibu, maana mgeni kuondoka bila ya kuonja nyama ni fedheha katika boma. Tangu hapo ikawa kila mwaka mbuzi wawili hutengwa mapema, na Mwislamu mmoja huitwa aje na kisu chake. Nikafika mimi, kazi ikaniangukia. Huchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, upande wa qibla, na nyama hupikwa katika sufuria ya mbali na mwiko wake. Watoto wa Rombo waliwaita hao "mbuzi wa Waislamu". Wala si jambo geni nchini. Katika sehemu nyingi za Kenya mwenye karamu humtafuta Mwislamu achinje, ili asiwepo mgeni wa kubaki na njaa.

Kuna rafiki yangu wa Mombasa aliyeniandikia akinilaumu kwamba kwa kisu changu naitukuza sikukuu ya wengine. Nilimjibu kwamba mbuzi huyo sikumchinja kwa ajili ya siku, nilimchinja kwa ajili ya wageni. Asiyeridhika na aulize mashekhe wake. Kitabu chetu kimetueleza habari ya chakula cha watu waliopewa Kitabu katika Suratul Maida, na habari ya kuwatendea wema wasiotupiga vita katika Suratul Mumtahina. Sitafsiri zaidi ya hapo.

Lakini nisimpake msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Mipaka ipo, na ilituletea uchungu. Disemba 2021 mama yule muuguzi aliwataka binti zangu wawili waingie katika mchezo wa kanisani, wavishwe mbawa za karatasi wawe malaika. Nilikataa. Alikasirika, akapita siku kadhaa akinisalimu kwa kichwa tu. Mwaka uliofuata, siku ya Idi ya mwezi wa Mei, alikuja nyumbani na keki, akamwuliza mke wangu waziwazi kwa nini wanetu waweza kuja kula lakini hawawezi kuja kuimba. Mke wangu akamjibu, "Mama, kula ni ujirani, kuimba kule ni ibada." Yeye akasema kwamba kwake mambo hayo mawili hayatengani. Hatukuafikiana hata leo, na keki tuliila. Mimi naona jibu la mke wangu ndilo ufunguo wa mjadala wetu wote wa Disemba. Sahani ipokewe, na irudishwe Idi ikiwa na kitu ndani. Mkono wa heri utolewe. Mchezo na wimbo na sala, hapo tuombe radhi kwa adabu tubaki nje, na jirani wa kweli ataelewa hata akinuna.

Jambo ambalo laniudhi mimi zaidi kuliko pilau na mkono wa heri ni chambo. Mwaka wa 2022 ukame uliikausha Kajiado. Vuli ya mwaka huo ilikuwa msimu wa tano mfululizo wa mvua kukosekana, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya kila njia. Katika shida hiyo nimeona kwa macho yangu, kijiji kingine nisichokitaja, unga ukigawiwa mlangoni mwa nyumba ya ibada, ila kwa aliyekaa mpaka mwisho wa mahubiri. Mtu mwenye njaa husikiliza chochote. Nasi tusijitoe lawamani: nimeona pia nyama ya udhia iliyolipiwa na wafadhili wa ng'ambo, maskini amepangwa mstarini, na hapati fungu lake mpaka apigwe picha ameliinua. Yote mawili ni biashara.

Fundi yule wa visima aligombana na wazee wa kanisa lake mwaka huo huo. Wao walitaka kisima kipya kichimbwe ndani ya ua wa kanisa, na hoja yao haikuwa mbaya, kwamba kingelindwa. Yeye akashikilia kichimbwe nje, kando ya barabara, na asiyetaka amtafute fundi mwingine. Walibishana wiki tatu, mzee mmoja akaacha kuja kanisani. Kisima kikachimbwa barabarani. Krismasi ya mwaka ule haikuwa na mbuzi hata mmoja, wa Waislamu wala wa Wakristo. Palikuwa na chai, maharagwe, na foleni ya madumu. Maji ya wudhu wetu yalitoka hapo, na hakuna aliyetuuliza tunayapeleka wapi. Mvua ilipokuja hatimaye mwisho wa 2023, ilikuja kwa mafuriko, lakini hiyo ni habari nyingine.

Si kila familia ya kigeni ni kama hiyo. Nikisafiri kwenda Nairobi nilizoea kulala Kitengela, mji uliomea juu ya malisho ya Wamasai na mapito ya wanyama wa mbuga ya Nairobi, na sasa ni vigingi na kuta. Huko wako wageni wa mataifa mengi wanaoishi nyuma ya malango ya chuma, na Disemba ikifika huenda zao, Wakenya nao huenda mashambani kwao, mji ukabaki na walinzi na paka. Watu wa namna hiyo sina la kuwasema kwa wema wala kwa ubaya. Hawajulikani.

Anayedhani kwamba nimeleta mambo mageni na arudi nyuma katika historia ya pwani yetu wenyewe. Mwaka wa 1844 Mjerumani mwingine, Ludwig Krapf, alifika Mombasa na mkewe Rosine, akiwa na barua ya Sayyid Said ya kuwataka magavana wake wamtendee wema. Alikuja kueneza dini yake, na hilo hakulificha. Hata hivyo, kadhi mmoja wa Mombasa aliketi naye akamsaidia katika kazi yake ya Kiswahili. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo Rosine alifariki dunia, na kichanga chake kikamfuata baada ya siku chache. Kaburi liko ng'ambo ya Nyali mpaka leo, na wengi wetu hulipita bila ya kujua ni la nani. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, ndiye Mzungu aliyeandika habari ya theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Ni nani aliyemwongoza mpaka huko? Bwana Kheri, Mswahili na Mwislamu, aliyeijua njia. Hakuna aliyemwambia Bwana Kheri kwamba kwa kuongoza msafara amebadili dini. Na nyuma zaidi ya hapo, kila mtoto wa chuoni amesoma jinsi Waislamu wa kwanza walivyokimbilia Habasha, na mfalme Mkristo akawapa hifadhi baada ya kusomewa habari za Bibi Maryamu.

Nayasema haya mapema, kwa kuwa hesabu za falaki zatuletea mtihani. Katika mwaka wa 2000 Idi na Krismasi ziliachana kwa siku mbili tatu, na Disemba 2015 Maulidi ilikutana na mkesha wao. Mwaka wa 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Disemba, na huenda mwezi ukatafutwa jioni ya Krismasi yenyewe au kesho yake. Sisi tutakuwa juu ya mapaa tukitazama magharibi, na jirani zetu wataendelea kuimba. Yule wa Rombo atakayekuwa ameshika kisu mwaka huo na achinje mapema, maana nyama itakayosalia jioni huenda ikawa daku yetu ya kwanza.